Milembe anasubiri bomba lipande juu ya paa

Kifuniko cha sufuria kinagonga mara moja gizani, kisha kimya. Ni saa kumi na moja alfajiri, na Milembe Luhaga anakoroga uji wa mtu mmoja katika chumba chake nyuma ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, mjini Bariadi.

Nusu saa baadaye amejifunga kitambaa puani, anasukumia pamba mashineni. Vumbi lake ni jeupe, jepesi. Ikifika saa nne wote wana mvi, na vijana wanaamkiana shikamoo kwa utani.

Jumatatu ndiyo siku mbaya.

"Jumapili kifua kinapumzika, kinasahau," anasema. "Ukirudi kesho yake, ni kama umefungwa kamba hapa."

Jineri hii ilikuwa ya ushirika. Biashara ya pamba ilipofunguliwa, mnunuzi binafsi aliichukua, akafufua mashine na feni ya kunyonya vumbi. Ndani kukawa na nafuu kubwa. Lakini bomba la feni lilitokeza ukutani likitazama vyumba vya wafanyakazi, na Nyanjige, binti wa Milembe mwenye miaka sita, akaanza kubanwa kifua.

Milembe hakuomba ruhusa. Alipanda ngazi, akaziba bomba kwa gunia. Siku ya tatu feni ikaungua.

Tangu hapo vumbi linajaa ndani, na linalozidi linatokea milangoni, hadi vyumba vilevile. Nesi akashauri mtoto ahamishwe. Huu ni mwezi wa tano Nyanjige yuko kwa bibi yake, kijijini Nkoma.

"Nilitaka kumkinga, nikamkosa," anasema Milembe. "Usiku mkono bado unamtafuta kitandani."

Feni mpya imeshafika. Januarius, fundi wa mashine, anaunga bomba la bati lipande juu ya paa, lishuke upande wa pili kwenye kibanda cha matofali, vumbi litulie humo. Vimebaki vipande vinne, na mabati yamechelewa. Kila akitoka zamu, Milembe huenda kumshikia ngazi.

"Mayu, bomba siyo chungu," fundi anamtania, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hili usilifunike."

Milembe amejiwekea kipimo chake. Feni ikiwaka, akapita Jumatatu moja tu bila kubanwa, atamrudisha mwanawe.

Jumapili iliyopita alikwenda Nkoma kumweleza hayo, kwamba asubiri kidogo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alimkuta Nyanjige langoni, amevaa viatu, kitenge cha bibi kimefungwa furushi mgongoni.

"Mama, nguo zangu nimeshafunga."