Mvua Iliyonyesha kwa Dada Peke Yake

Dada yangu alikuwa dobi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumrudishia mtu nguo isiyo yake. Hakuandika majina. Kila mteja alikuwa na uzi wake wa rangi, Dada ameushonea ndani ya kola, mahali ambapo hata mwenye nguo haoni. Mwalimu mkuu kijani, mke wa mwenye duka njano, mimi mwekundu. "Jina linafutika kwenye maji," alikuwa akisema. "Uzi haufutiki." Ukienda kuulizia shati lako alipekua kola mbili tatu, akakutolea, tena limekunjwa utadhani limetoka dukani.

Wateja walimwita Mama Pasi. Mimi nilimwita Dada, ingawa kwa haki ningemwita mama. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la tano, naye ndiye aliyenilea. Pasi ile ile ya mkaa iliyonyoosha mashati ya watu ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Mumewe naye alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, na Dada hakuolewa tena. Akiulizwa alisema, "Nina kaka, nina binti, nina pasi. Wanne tunatosha."

Kwa dobi, mvua ni jambo la kazi. Dada aliijua kabla haijafika. Jua likiwa linawaka, kamba zimejaa nguo, yeye angesimama mlangoni, avute pumzi mara moja, kisha aanze kuanua. Uani kwetu kulikuwa na msemo: ukimwona Mama Pasi anaanua, anua. Waliomcheka waliloa.

Mimi ni mtunza stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi, lakini mtaani sikujulikana kwa misumari na saruji. Nilijulikana kwa ndoto. Nilisoma madrasa vizuri, nikajipatia kitabu cha tafsiri za ndoto, nacho nimekisoma mpaka jalada limetoka. Baada ya sala ya alasiri nilikaa kibarazani mwa msikiti na watu wakanijia. Huyu ameota nyoka, yule ameota meno yamemtoka. Nakiri kwamba nilipenda kujiwa.

Lakini sikuwa mbabaishaji. Adabu za jambo hili nilizijua. Ndoto njema hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na haisimuliwi ila kwa mtu anayekupenda. Ndoto mbaya mtu hujikinga kwa Mola wake, akageukia ubavu wa pili, asiitangaze. Na mtafsiri hafungui mdomo kabla hajauliza: nani ameota, ana hali gani, ameona nini mwanzo na nini mwisho. Mvua nayo ina kanuni yake. Ikienea kwa watu wote bila kubomoa, hiyo ni rehema na faraja baada ya dhiki. Ikinyesha juu ya nyumba moja tu, majirani wakabaki wakavu, wanavyuoni huiogopa, maana huwa ni maradhi au mtihani kwa wenye nyumba ile. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni moja: ilinyesha kwa nani?

Swali hilo nilimwuliza hata fundi viatu, mtu ambaye hakuna anayemwuliza jambo la maana. Alinijia siku ya Jumamosi, amebeba kiatu kimoja mkononi.

"Shehe, nimeota mvua."

"Mtaa mzima au kwako tu?"

"Kwangu tu. Tena kitandani."

Nikajiweka sawa. "Una jambo gani linalokusumbua nyumbani?"

"Bati, shehe. Linavuja tangu mwaka juzi."

"Basi hiyo si ndoto, hilo ni bati. Njoo ghalani nikuuzie jipya."

Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Usiku wa pili yake nikamhadithia Dada, akaniambia, "Angalau ulimuuliza."

Ijumaa iliyofuata nilipita kwake saa sita mchana kuchukua kanzu yangu. Nilikuta bado anaipiga pasi. Nikasimama na fulana ya ndani, nimeegemea mlango, naangalia saa. Meza yake ilikuwa ile ile yenye blanketi kuukuu lililoungua alama za pasi, na pembeni kopo la maji alilolitoboa kwa msumari. Alinyunyiza, akapitisha pasi, mvuke ukapanda. Alikuwa akitumia mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umelala mezani kama kitu cha kuzuia nguo isiruke. Nayaona haya sasa. Siku ile nilikuwa naangalia saa.

"Kaka," akasema bila kuinua macho, "nimeota mvua."

"Kheri."

"Imenyesha hapa, chumbani. Mpaka pasi imezimika. Nikatoka nikaanue nguo, nikanyanyua mkono, mkono—"

"Mvua ni rehema, Dada," nikasema. "Hiyo ni faraja inakuja. Huenda binti yako anapata mchumba. Hebu malizia, khutba itanipita."

Alisita, pasi ikiwa hewani. Kisha akaishusha, akamalizia mkono wa kanzu, akaikunja, akanipa.

"Haya," akasema. "Alhamdulillahi."

Nikavaa, nikaenda. Khutba sikuikosa. Ilihusu nini, siikumbuki.

Ilipita miezi mitano. Binti yake ndiye aliyegundua. Alimkuta mama yake amefunga mkono wa kushoto kwa mtandio shingoni, anapiga pasi hivyo hivyo, na mkono umevimba mpaka vidole vinang'aa. Tukampeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mpole. Alimwangalia nyuma ya pazia, kisha akatoka akaniuliza mimi, maana ndiye mwanamume niliyekuwepo.

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Hatukujua, daktari."

Akasema uvimbe ulianzia kwenye titi na sasa umeenea mwilini. Laiti angeletwa ungali kama punje ya harage, kungekuwa na la kufanya. Nyuma ya pazia Dada alikuwa anavaa. Nilijua anasikia.

Aliishi wiki saba. Siku moja, nikimnywesha maji kwa kijiko, nilimuuliza, "Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kidogo," akasema.

Nikadhani ni dawa ndizo zinazosema. Nikampangusa mdomo. Aliaga dunia asubuhi ya Jumatatu, shahada mdomoni, binti yake ameushika ule mkono wa kulia. Mwenyezi Mungu amrehemu, amfanyie wasaa kaburini mwake.

Wiki ya tatu baada ya maziko, binti yake alinipigia simu niende nikasimamie kurudisha nguo za watu zilizobaki. Wateja walikuja mmoja mmoja. Wengine hawakujua uzi wao ni rangi gani, ila Dada alikuwa amemfundisha binti yake rangi zote. Wa mwisho alikuwa Bi Mwalimu, anayewasomesha wanawake darsa za Alhamisi. Alipokea buibui lake, uzi wake wa buluu, lakini hakuondoka. Akakaa kwenye kigoda cha Dada.

"Baba," akaniambia, na kwa umri wake angeweza kuniita mwanangu, "ile ndoto ya mvua alikuhadithia?"

"Alinihadithia. Nilimwambia ni rehema."

Bi Mwalimu akaliweka buibui magotini. Kisha akauliza, "Yote alikuhadithia?"

"Kwamba ilinyesha chumbani, pasi ikazimika."

"Na majirani?"

Nikatazama kamba nje ya mlango.

"Majirani walikuwa wakavu," akasema. "Kamba zao zote zina nguo, zinapigwa na jua. Mvua inanyesha kwenye kamba yake tu. Akanyanyua mkono wa kushoto aanue, ukagoma. Akaangalia chini ya kwapa akaona kitu kama kokwa. Alipoamka akajipapasa, akakikuta kweli, pembeni ya titi. Akanijia mimi kwanza. Nikamwambia, mama, hii haina haja ya mtafsiri, nenda hospitali. Akasema anaogopa kwenda peke yake, anataka kaka yake ampeleke. Lakini atakutamkiaje wewe mambo ya kifua chake? Alikulea. Alikuwa akikuonea haya."

Binti yake alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo.

"Mimi ndiye niliyemshauri," Bi Mwalimu akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Nikasema, mwanzie ndoto. Kaka yako mjuzi wa mambo hayo, hatatafsiri bila kuuliza. Atauliza ilinyesha kwa nani. Atauliza mkono umefanya nini. Akishafika kwenye mkono, mwambie mkono unauma. Mengine hospitali watasema wao. Wiki ya pili nikamuuliza, vipi? Akasema, kaka amesema ni rehema. Nikamwambia rudi tena. Akasema, ametafsiri, Bi Mwalimu, na yeye ndiye anayejua. Pengine ndivyo."

Nilitaka kusema nilikuwa nawahi Ijumaa. Maneno yalifika mdomoni, nikaona aibu kuyatoa mbele ya kigoda kile.

"Nimemuua?" nikauliza.

"Astaghfirullah. Siku zake ziliandikwa kabla hatujazaliwa sote. Usimshirikishe Mungu katika kuua na kuhuisha." Akasimama, akalikunjua buibui, akalikunja tena. "Lakini kusikiliza kulikuwa kwako, baba. Na mimi ningemshika mkono nimpeleke mwenyewe. Kila mtu na lake la kutubia."

Fundi viatu nilimuuliza. Dada yangu sikumuuliza. Kila siku narudi hapo. Mtu wa kibarazani, mwenye kiatu kimoja, nilimpa haki yote ya ndoto yake, kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. Aliyenisomesha nilimpa nusu ya sentensi, naye akaipokea kama zawadi.

Kitabu nimekitia kwenye sanduku. Watu bado wananijia, nawaambia siku hizi sitafsiri, nenda kwa wenye elimu. Fundi viatu akanitania, "Shehe amefunga duka!" Alipoona sicheki, akakiinamia kiatu chake.

Binti ameishika kazi ya mama yake. Juzi Alhamisi nilipita kuchukua kanzu. Alikuwa akinyunyiza maji kwa lile kopo, na akiwa ameinama vile vile, akasema, "Mjomba, nimeota."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa kwenye kigoda.

Ilikuwa ndoto ya shule. Amechelewa mtihani, kalamu haiandiki, msimamizi ni muuza mboga wa sokoni. Alikuwa akicheka mwenyewe anavyosimulia, anarudi nyuma, anasahau, anaanza upya. Kanzu ilishakwisha kunyooka, akaikunja, akaiweka pembeni. Sikuinuka.

"Ndiyo hivyo tu, mjomba. Nimemaliza."

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

"Na mikono yako?" nikasema. "Haikuumi?"

Akaniangalia. Yale ya Bi Mwalimu aliyasikia yote siku ile dirishani, na tangu hapo hajanitamkia neno juu yake, la lawama wala la kuniliwaza. Akaweka pasi kwenye kigae chake. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, akaigeuza juu na chini polepole, kama mtoto anayekaguliwa kucha darasani.

"Mizima, mjomba," akasema.

Kisha akanipa kanzu. Nilipofika nyumbani nikaifungua kola. Uzi mwekundu bado upo, mishono ni ya Dada.