Mfereji Nilioukata kwa Mkasi

Daktari alikuwa amefunga karatasi zake kwa bandeji nyembamba, na kila kifurushi kilikuwa na fundo dogo, gumu, ambalo kucha zangu zilishindwa kulifungua. Nilikuwa peke yangu katika chumba chake cha kusomea, kule Njiro. Nilihangaika na fundo la kwanza kwa muda, kisha nikaenda jikoni nikachukua mkasi.

Mjane wake ndiye aliyenipa kazi hiyo. Alikuwa akija kwenye kikundi chetu cha waandishi pale mjini, anakaa kiti cha nyuma na sweta lake la kijani, na mtu akisoma vibaya anakohoa. Mumewe, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Arusha, alitibu watu hadi alipostaafu, kisha akaanza kupanda vilima vya Meru na daftari, akiwauliza wazee walitibiwaje zamani. Aliandika habari za wakunga, za wauguzi wa zahanati za mwanzo, za mizizi iliyochemshwa na iliyotafunwa mibichi. Kitabu hakukimaliza. Sasa nyumba ilikuwa imeuzwa, mama huyo anahamia kwa binti yake, na Ijumaa gari la chuo kimoja lingekuja kuchukua karatasi zikatunzwe.

"Ziende kama alivyoziacha," aliniambia. "Wewe zipange tu kwenye maboksi, uandike orodha."

Lakini mimi nina ugonjwa wa kufanya zaidi ya nilichoombwa. Niliona tarehe kwenye pembe za karatasi, niliona hazifuatani hata kidogo, na nikamhurumia mzee wa watu. Nikakata bandeji zote saba. Hadi saa sita nilikuwa nimezipanga zote kwa tarehe, mnara mmoja mzuri juu ya meza, na najivunia.

Mama aliingia na chai ya tangawizi. Aliziona bandeji sakafuni kabla hajauona mnara.

"Umefanya nini, binti?"

Nikamweleza. Aliweka trei chini taratibu, akaketi kwenye kiti cha mumewe.

"Hakupanga kwa tarehe. Alipanga kwa maji."

Sikuelewa. Akanieleza huku akikunja bandeji moja na kuikunjua. Kule vilimani nyumba zimefuata mifereji inayoshusha maji mashambani, na kila kifurushi kilikuwa mfereji mmoja, kuanzia nyumba ya juu kabisa hadi ya mwisho bondeni. Ndivyo Daktari alivyogundua jinsi homa ya matumbo ilivyokuwa ikitembea zamani: mgonjwa wa juu, kisha jirani wa chini yake, kisha wa chini zaidi. Karatasi moja peke yake ilikuwa porojo ya mzee. Zikifuatana, zilikuwa safari ya ugonjwa.

"Siku hizi mnapiga picha hata wali kabla ya kuula," alisema. "Vifurushi hukupiga picha?"

"Sikupiga, mama."

Hakunigombeza. Alinywa chai yake yote, kisha akanywa na yangu. Miaka yote ile ya kupanda vilima, na mimi nimeivunja asubuhi moja. Ilikuwa Jumanne.

Nikaanza kuzisoma, karatasi moja moja, nikitafuta njia ya kuzirudisha. Jina la mtu halikuwamo. Alificha wagonjwa na wasimulizi wake wote, akaweka alama tu: kwa fundi cherehani; kwa wenye ng'ombe wa pembe moja; penye jiwe la kunolea. Nilikuwa karibu kulia nilipofika kwenye iliyoandikwa: kwa mkunga, penye mparachichi uliopasuliwa na radi.

Mti huo nimeupanda utotoni hadi ukanichania gauni. Ni nyumba ya bibi yangu, juu ya Tengeru.

Kesho yake tulikodi teksi, mimi, mama na boksi. Ilikuwa siku ya soko, tukapita katikati ya mikungu ya ndizi na mbuzi waliokataa kutupisha. Bibi alikuwa nje, anachambua maharage. Macho yake hayaoni vizuri tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na nani? Anatembea kama mtu wa lami."

"Shikamoo, bibi," mama naye akasema, ingawa mvi zake ni nyingi kama za bibi. "Mimi ni mke wa yule daktari wa kilemba."

Bibi akaacha maharage. "Yule aliyekuwa anakula viazi vyangu huku anauliza habari za vitovu? Yuko wapi?"

"Ametutoka."

Bibi alinyoosha mkono hewani hadi mama alipoushika. Walikaa hivyo. Mimi nilibaki nimesimama na boksi langu.

Nilipomweleza nilichofanya, bibi aligeuza uso upande wangu. "Tumeuza kahawa ukasome, umerudi kutuvunjia mfereji?" Kisha akacheka hadi mama naye akacheka. "Haya, soma. Polepole."

Tulitandika mkeka. Mimi nilisoma alama, bibi akaonyesha kwa fimbo yake: juu, chini kidogo, hapana, huyo ni mfereji wa ng'ambo. Mama alipanga, akazuia karatasi kwa maharage zisipeperuke. Bibi, aliyezalisha wanawake wa mifereji yote hiyo, alizitembelea nyumba bila kuinuka. Nyingine hazipo tena, zimebaki migomba tu, lakini alijua zilikokuwa na nani aliugulia humo. Mara mbili alininyamazisha kwa mkono, tukasubiri hadi alipoweza kuendelea.

Jua lilipoelekea kuzama tulikuwa na vifurushi saba. Zilibaki karatasi tatu.

"Hizo sizijui," bibi alisema. "Usinibembeleze."

Mama akatoa bandeji nzima kwenye mkoba, akanipa moja ya zile nilizozikata niiweke mfukoni. Ilikuwa bado na fundo lake. Bibi akaiomba, akalipapasa fundo kwa kidole gumba.

"Hili langu. La kufungia kitovu. Nilimfundisha hapa hapa, alikosea kosea mpaka nikamwita mwanafunzi mzito."

"Nyumbani alifunga kila kitu kwa fundo hili," mama akasema kwa sauti ndogo. "Hata mifuko ya sukari. Sikujua alilitoa wapi."

Bibi akamshika vidole, akamwonyesha. Ukivuta ncha hii linakaza; kitovu kikivimba, unavuta ile, linalegea. Vifurushi saba walivifunga pamoja, mikono minne juu ya kila kimoja.

Ijumaa dada wa chuo alikuja na glavu nyeupe. Juu ya boksi nilikuwa nimeandika kwamba mpangilio wa Daktari niliuvunja mimi, ukarudishwa kwa kumbukumbu ya mkunga mmoja wa Meru, na kwamba karatasi tatu hazina nyumba. Alisoma, akaitikia kwa kichwa. Kisha akakitazama kifurushi cha kwanza, akalijaribu fundo kwa ukucha, akafungua mkoba wake na kutoa kiwembe.

"Usikate!" tulisema, mimi na mama, kwa pamoja.

Mama akasogea karibu naye. "Njoo, mwanangu. Unavuta huku."