Wimbo ya Bibi Yangu na Jina la Mwenye Simenti

Mimi nilisoma mpaka ya tatu primaire, donc kama kuko kosa hapa, murekebishe ninyi wenyewe. Lakini juu ya nyimbo za kanisa hapana mutu atanifundisha. Nilianza kuimba mbele ya bazazi ya hawa bapiga piano kujuana.

Nyimbo ya Mungu ya siku hizi ni mbaya. Nasema mbaya, sisemi kwamba sijazizoea. Nimezizoea sana: asubuhi zinatoka kwa jirani, mchana kwa mwenye kunyoa nywele, magaribi kwa mwenye kuuza mafuta. Zote ziko na ngoma moja, tititi, tititi, yenye kupigwa na kidole kwenye plastiki. Zote ziko na mutu mwenye analia mbele haijajulikana analilia nini. Anasema "Yesu" mara makumi mawili, halafu anapumzika, halafu anasema tena. Nikisema hivyo banacheka: "Papa, ni uzee." Uzee iko kwenye magoti yangu. Kwenye masikio haijafika.

Bon. Niseme ya bibi yangu, mama ya batoto yangu.

Bibi yangu hakukuwa na kiti kwenye korali. Alikuwa na jembe. Shamba yetu ya maharagwe ilikuwa upande wa Rughenda, kwenye mteremuko, na bamama ya shirika yetu ya kanisa balikuwa banalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Pale njo alitunga wimbo yake, kwa Kinande, luga yetu, akiomba Mungu atuangalie sisi bale tuko tumeinama. Yeye anaita, bengine banaitikia wakati jembe inaanguka. Hapana ngoma, hapana nini. Jembe njo ngoma.

Sasa musikilize mahali hii, sababu njo yenye maneno yote. Kila mara akiisha kuita mara mbili, kulikuwa nafasi wazi. Pale anatia vile siku iko. Mvua ikikataa, anatia mvua. Mama fulani akizaa, anatia mutoto. Siku moja tuligombana nyumbani juu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, nilikuwa nimekunywa ya bageni. Nafika shambani, namusikia ameniweka pale kati, mimi na kibuyu yangu, mbele ya Mungu na bamama kumi. Na mimi nilipashwa kuitikia! Bamama balicheka mpaka majembe yalisimama.

Njo maana ile wimbo haikukuwa kitu moja siku mbili.

Alipokufa, misimu mbili ya mvua imepita sasa, mutu mwenye alijua kuita alibakia moja: mujukuu yetu, binti ya mutoto wetu wa mwisho, ana miaka kumi na tisa. Alishikamana na nyanya yake tangu anatambaa. Mimi nilikuwa wa kuitikia tu, miaka yote. Kuita siwezi. Nikijaribu inatoka kama mutu anaita mbwa.

Mutoto (kwetu sokulu ni babu, mukaka ni nyanya) akaniambia: "Sokulu, nataka kuingiza wimbo ya Mukaka ku studio. Isipotee."

Nikamwambia: "Wasingya, asante, mutoto wangu. Twende." Nilifurahi hata. Mubaya wa kwanza katika hii habari ni mimi, nimeandika.

Tulienda Beni na taxi, batu wane nyuma, mimi na kuku kwenye magoti ya kumupa mwenye studio. Njiani dereva aliweka hizo nyimbo. Nikakumbuka ujana wangu kule Manguredjipa, tukichimba zahabu ndani ya maji. Balevi bale, benye dhambi nyingi, baliimba kwa Mungu vizuri kupita hii, juu balikuwa na woga ya kweli, shimo ilikuwa inaweza kuanguka. Lakini hiyo ni habari ingine.

Studio ilikuwa chumba nyuma ya salon ya kusuka, na mousse ya godoro imegongwa kwenye ukuta. Operateur ni kijana mwenye kofia, mutoto ya mwalimu mwenye balituma huku toka Kisangani. Kinande hajue hata kidogo. Alisikia mutoto ameimba mara moja, akasema: "Ça va. Sasa kiitikio, imba mara moja tu, inatosha."

Nikauliza: "Mara moja? Na zile zingine?"

"Nitakopi, Papa. Itatokea mara nane."

"Kijana, mara ya nane mutu amekwisha kuchoka. Pengine amekwisha kulia. Sauti haiko tena ile ya kwanza."

"Mashine haichokake, Papa."

"Njo ubaya wake."

Akacheka, akamwangalia mutoto: "Papa yako iko mukali, sévère, hein?" Akaleta ile tititi yake. Akageuza vibutoni, sauti ikatoka kwenye bafle, laini, imenyooka, kama mbuzi mwenye anaimba ndani ya tiyo ya maji.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni mujukuu yako! Nimemurekebisha kidogo."

"Alikuwa na ugonjwa gani?"

Mutoto akasema pole pole: "Sokulu, acha. Banafanya hivi kwa bote."

Kisha tukafika kwenye ile nafasi wazi. Kijana akasema: "Hapa kuko vide. Hapa tutatupa libanga." Libanga ni jina la mutu banatupa katikati ya wimbo, mwenyewe asikie balimutaja, anyanyue kichwa. Kwenye nyimbo ya kucheza nilijua iko. Kwa Mungu sikujua. Kulikuwa tajiri moja wa Butembo, mwenye depo ya simenti, alikubali kusaidia picha za video. Jina yake sitaandika, imekwisha kupata nafasi ya kutosha.

Mutoto akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Kwa nini sikusema kitu? Nitasema yote juu niko muzee na sina wa kuogopa. Yule kijana alikuwa ametangulia kunong'ona: "Na Papa pia, jina yako tutatia ku mwisho." Na tumbo yangu iliona utamu. Njo vile. Nilinunuliwa na jina yangu mwenyewe.

Wimbo ilitembea kwenye telefone za batu kama mafua. Siku ya matoleo ya mavuno, bamama bakipanda na ndizi na vikapu vya maharagwe, batoto ba shirika yetu bakaianza. Bakamuita Mungu mara mbili, halafu, bila haya, kwa sauti ya juu, bakamuita mwenye simenti. Bamebeba maharagwe mbele ya altare, banamuita mwenye simenti! Na yeye hata si Mukatoliki, ana kanisa yake ingine.

Jumamosi nikaenda ku répétition ya korali niwafundishe. Mwenye kuongoza ni mama kijana, mwenye adabu. Nikaimba vile naweza, nikafika pale, nikaacha wazi.

"Papa, hapo umesahau," akasema.

"Nimesahau nini?"

"Jina."

"Mama, ile ni mutu anauza simenti!"

"Mais Papa, wimbo iko vile. Sikiliza." Akaniwekea telefone kwenye sikio.

Wimbo ya bibi yangu, mwenye nililala naye kitanda moja maisha yote, wananisahihisha! Na mwisho kabisa, ikipungua pungua, jina yangu ikapita. Batoto bakaruka: "Ni yeye! Papa wa ku wimbo!" Bakanipigia makofi. Nikarudi nyumbani nimeangalia chini.

Mujukuu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, chungu ya maharagwe kwenye moto. Sikumusalimia hata.

"Imba ya Mukaka."

Akaita mara moja, mara mbili, na pale jina ya mwenye simenti ikatoka yenyewe. Akafunga mudomo na mukono wenye majani.

"Tena."

Akaita. Akafika pale, akasimama kama mutu mwenye daraja imevunjika mbele yake. "Sokulu, nitie nini?"

"Mukaka alikuwa anatia nini?"

"Kila siku kitu ingine."

"Basi leo iko nini?"

Nikaona machozi, na mimi nikaogopa, woga ya kweli, juu kama haitoki kwake haitatoka kwa mutu yeyote tena. Sikumusaidia. Singeweza.

Akaanza mara ya tatu. Akaita mara mbili, halafu akamwambia Mungu kwamba sauti yake balimunyang'anya kule Beni, bakamupa ingine, na hii ya kwake hajue kama bado inafaa. Ilitoka na mikwaruzo, mahali moja ikaanguka chini ya wimbo, ikapanda tena kwa shida. Redio yoyote ingeikataa.

Mimi niliitikia. Aliita tena, akatia kitu ingine, niliitikia. Maharagwe yaliungua, tukayakula vile vile.