Kaseti ya Kijana wa Ayalandi

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake: ya bati lililopata joto, na uchachu kidogo, kama ulimi umegusa msumari. Juzi, katika duka moja la Mbarara, muuzaji alikuwa amezipanga betri kuukuu dirishani penye jua. Nikasimama pale na chenji mkononi hata akaniuliza kama nimesahau kitu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimerudi Kashojwa, kijijini kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nina miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa kando ya ukuta wa udongo nikizigeuzageuza betri zetu kama mtu anayeanika mihogo, ili kaseti yangu ipate kuimba tena.

Kaseti hiyo niliachiwa na muuguzi wa Ayalandi ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. Alipomaliza kazi yake Nakivale, mama alipewa masufuria, chandarua na redio yake ndogo ya kaseti, pamoja na betri zake zilizozoea kuanikwa juani. Mimi nilipewa kaseti, kwa kuwa kila Jumamosi nilisimama nje ya dirisha lake kuisikiliza huku nikijifanya naanua nguo zilizokuwa bado zinadondoka maji. Kwenye jalada kulikuwa na kijana mwembamba aliyekaa juu ya ukuta wa mawe, koti limemzidi mabega. Muuguzi alituambia ni mtu wa kijijini kwao, anaimba nyimbo anazotunga mwenyewe, na hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza. Aliirekodi jikoni kwa shangazi yake. Jiko lile nikalijua kama letu. Kiti kililia kabla ya wimbo wa pili. Mbwa alibweka mwishoni mwa wimbo wa nne. Mahali fulani kidole chake kiliteleza, uzi wa gitaa ukakwaruza, naye akaendelea tu.

Wanaonijua hawatashangaa nikisema kwamba hata ule mkwaruzo niliufanyia mazoezi. Niliurudia mpaka ukawa sawasawa na wake. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na wakati ule nilikuwa zaidi.

Gitaa nililojifunzia lilikuwa la kwaya ya kanisa letu. Yaya Safari, kaka yetu mkubwa wa kwaya aliyekuwa akilipiga, alihamishiwa nchi ya mbali pamoja na familia yake, likabaki likining'inia ukutani. Nyuzi zake mbili zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaza kila uzi mpaka ulingane na kaseti, nikarudisha kaseti nyuma, nikasikiliza, nikakaza tena. Vidole vilichubuka, nikavifunga kitambaa. Kiingereza chake sikukielewa hata neno, ila niliamini kwamba yule kijana alikuwa na huzuni kubwa kuliko umri wake. Sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, kama ya mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Usiku nilimwombea.

Papa Elia, kiongozi wa kwaya, alinikubali kwa sharti. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba katika kanisa moja la Mbarara. Kama ningeharibu huko, gitaa angepewa baba mmoja wa kijiji jirani aliyelitaka siku nyingi.

"Huyu mutoto iko na bidii mingi," aliwaambia wakubwa mbele yangu, "lakini bidii peke yake haiimbi. Tutaona kule."

Nilikuwa na faraja moja tu: tangu nianze kupiga, Mama Nabintu alikuwa amerudi kwenye kwaya. Alikuwa jirani yetu, muuza samaki, na sauti yake ilikauka wakati wa safari ya kukimbia kutoka Kivu, kwetu Kongo. Siku za Yaya Safari alikaa ibada nzima midomo imefungwa. Sasa aliimba, na kina mama wa umri wake waliimba naye. Nilidhani wamevutwa na ufundi wangu. Nilijivuna kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Tulikwenda Mbarara juu ya lori la ndizi, tumekalia mikungu, mimi nimelikumbatia gitaa kama mtoto mgonjwa. Kabla ya ibada tulifanya mazoezi. Kinanda cha kanisa kilikuwa cha umeme, na mpigaji wake, Amos, alikuwa kijana wa palepale mwenye tai nyekundu. Tulipoanza pamoja, ilisikika kama ng'ombe wawili wanaogombania mlango mmoja.

"Simama kwanza," akasema Amos. "Gitaa iko chini sana. Nani alifunza wewe?"

"Kaseti."

"Kaseti gani?"

"Ya muzungu wa Ayalandi."

"Basi huyo muzungu alikuwa anasinzia!"

Wasichana wa kwaya yao wakaangua kicheko. Nikaitoa kaseti mfukoni, maana sikuwahi kuiacha nyumbani, nikamkabidhi kama mtu anayetoa cheti chake. Akaiingiza kwenye redio kubwa iliyochomekwa ukutani.

Kilichotoka humo sikukijua. Kiti kililia haraka. Mbwa alibweka kama kitoto cha mbwa. Na yule niliyemwombea usiku alikuwa kijana mwepesi, mwenye sauti ya juu, anaimba kama mtu anayeteremka mlima mbio kwenda kwa mchumba.

"Betri zenu zinachoka," Amos akasema, safari hii kwa upole. "Betri ikichoka, kaseti inatembea polepole, sauti inashuka. Wewe umefuata betri. Hukufuata mtu."

Nilipiga magoti nikaanza kukaza nyuzi. Machozi yakadondokea ubao wa gitaa. Mkono wenye harufu ya samaki na sabuni ukanishika kifundo cha mkono.

"Acha, mama. Usikaze," akasema Mama Nabintu, akiniita mama kama wasichana wote wa kwetu wanavyoitwa.

"Iko mubaya! Sikia kinanda!"

"Kinanda iko fasi yake, pahali yake. Ukipandisha mpaka pale, miye nitabakia inje."

Papa Elia alimtazama, akanitazama mimi, halafu akamgeukia Amos. "Mwalimu, kinanda ipumuzike kidogo. Bamama bangu baimbe."

Ibada ilipoanza, tuliimba bila kinanda. Sikumbuki kama nilipiga vizuri. Nakumbuka sauti za kina mama zilivyokuja nyuma yangu, chini na pana, hata Amos akaivuta tai yake na kufumba macho. Njiani kurudi, hakuna aliyeniambia chochote kuhusu yule baba wa kijiji jirani. Papa Elia alinipa tu gitaa, akasema nilishike vizuri, barabara ina mashimo.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kumuuliza Mama Nabintu kama siku zile walikuwa wakijua kwamba gitaa langu liko chini. Alikuwa anapara samaki, hakuinua hata kichwa.

"Tulijua Jumapili ya kwanza," akasema. "Papa Elia alitaka kukurekebisha. Nikamwambia, wewe, acha huyu mutoto! Ameshusha wimbo mpaka fasi niko."

Nilikwenda kukaa nje. Utoto wangu wote niliogopa kukosea noti moja. Kumbe nilikuwa nimezikosea zote, kwa kipimo kilekile, na watu wazima waliliona kosa hilo, wakasogea, wakakaa humo.