Mama Meno na Ndugu Wawili Wanaogombea Udada

Asubuhi, kabla benchi la nje halijajaa, mwanamke ambaye watoto humwita Mama Meno anabandika picha mbili za eksirei kwenye ubao wenye taa. Nyuma yake wameketi wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja, wamenuniana.

"Mimi ndiye dada," anasema mfupi.

"Mrefu ndiye mkubwa," anajibu mwenzake. "Watu wote wanasema."

Mama Meno ni mpiga picha za meno hospitalini hapa. Wengi humjia na maumivu. Hawa wamekuja na swali. Wana miaka mingapi? Bibi aliyewalea amefariki, vyeti vya kuzaliwa hakuna, na jirani aliyewafikisha makao ya watoto hakujua.

Huko walikadiriwa kwa macho tu. Mrefu akapelekwa darasa la nne na bweni la wakubwa, mfupi akabaki na wadogo.

"Mrefu analia kila siku, na darasani anatoka kapa," anasema mlezi wa makao aliyewaleta. "Huyu mfupi anatoroka kwenda kumbembeleza. Nikajua kuna mahali tumekosea."

"Kimo kina uongo mwingi," anasema Mama Meno. "Mtoto akikosa chakula au akiugua sana, anadumaa. Meno nayo huchelewa, ila si sana."

Kazi hii ilimvuta kupitia mtoto wake mwenyewe. Mwanawe wa kwanza alichelewa kung'oka meno ya utoto, majirani wakaanza kunong'ona. Akampeleka apigwe picha.

"Nikaliona jino la ukubwani limejikalia ndani ya fizi, linangoja zamu yake," anakumbuka, akicheka. "Mwenzio nilipagawa. Nikasema, mimi hii kazi lazima niisomee."

Sasa anaonyesha kwa kidole. Kwa mfupi, chonge za chini zimeshatoka, na mizizi ya magego ya kwanza imefunga ncha. Kwa mrefu, mizizi hiyo bado iko wazi chini kama faneli.

"Mfupi anakaribia kumi. Mrefu ana saba na kitu. Naweza kupotea mwaka mmoja, mbele au nyuma, maana jino halijui tarehe. Lakini aliyetangulia ni huyu mfupi."

Daktari wa meno anaziangalia picha, naye anakubali.

Mrefu anainamisha kichwa. Kisha anauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nitarudi kulala na yeye?"

Mlezi anaitikia. Mtoto anashusha pumzi, anajisogeza mpaka begani kwa dada yake.

"Umeshinda, mwanangu," Mama Meno anamtania mfupi. "Ila ukubwa ni jaa. Kila taka itatupwa kwako."

"Nimezoea," anajibu.

Majedwali ya meno na umri anayolinganishia Mama Meno yalitungwa kwa kupima watoto wa mbali, na ndoto yake ni kuona siku moja yakitungwa ya watoto wa hapa. Kwa sasa amemwomba mlezi amrudishe mfupi magego ya pili yatakapoanza kuchomoza, karibu na miaka kumi na miwili.

"Atakuwa haumwi," anasema. "Mimi tu nataka kuona yatawahi au yatachelewa, nijue nilikosea kiasi gani."