Doa la Mwanga Chini ya Bawa

Kampuni moja ya ndege ndogo hapa Kigali iliniita niipige picha ndege yao mpya usiku. Kazi yenyewe ni hivi: unazima taa zote, unaiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, kisha unaizunguka ndege ukiipaka mwanga kwa tochi. Ukivaa nyeusi na usisimame, kamera haikuoni.

Mlinzi, Kalisa, nilimfokea mara mbili azime tochi yake. "Mwanga kidogo tu unaharibu picha!"

Katikati ya kazi mke wangu akaniandikia, akiuliza kama nimefunga geti. Nikasimama chini ya bawa, nikamjibu.

Baadaye, kwenye kioo cha kamera, niliona doa jeupe chini ya bawa. Nikamwambia bosi, Mama Keza, kwamba ni tochi ya Kalisa.

Asubuhi alimwita ofisini ajieleze, akaikuza picha ukutani kwa projekta. Ndege imependeza kweli. Chini ya bawa unaelea uso wa mtu aliyeinamia simu, paji la uso limepanda hadi utosini, bila unywele.

Kalisa akavua kofia.

"Boss, ile siyo mimi. Mimi niko na nywele."