Shamba Lililoamshwa Mapema

Ulimi huponza kichwa, na wa Emiliana uliponza shamba.

Kampuni ya umeme wa jua ilikuwa inataka eneo kubwa huku kwetu Nduguti, itandaze vioo vyake kwenye nchi ya mtama na alizeti. Mikutano ikaitwa tangu mvua mpaka kiangazi. Watu walikataa, wakaitwa tena, wakakataa tena, hadi hata wabishi wakaanza kusinzia. Ndipo Emiliana, mjane mwenye magoti mabovu aliyetaka tu kwenda nyumbani, akasimama akasema basi wachukue mapori, mashamba wasiyaguse. Makofi yakapigwa, ikapitishwa, wakatawanyika wakijiona wamepona.

Haukupita muda wapima ardhi wakachimbia kigingi chekundu katikati ya shamba lake la bondeni.

Shamba hilo lilikuwa limepumzishwa. Petro, marehemu mumewe, alirithi utaratibu huo kwa baba yake: ardhi ikichoka unaiacha iote nyasi na vichaka, mbuzi wapite, wala huigusi mpaka irudishe nguvu. Kijiji kizima kina mashamba ya namna hiyo, na kila mtu anajua ni mashamba. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Nani hueleza kwamba aliyelala hajafa?

Akaenda kwa mwenyekiti Antipasi, kijana aliyekulia nyumba ya jirani. Antipasi alimwamkia, akampa kiti, kisha akatazama chini.

"Mama, ulisema mwenyewe mapori yachukuliwe. Wao wakiona vichaka, ni pori. Shamba kwao ni lililolimwa."

"Na nikililima?"

"Ukililima halitakuwa pori."

Emiliana alirudi akakaa mlangoni muda mrefu. Alikuwa amechoka na mikutano, amechoka na magoti, na zaidi ya yote alijikasirikia. Ardhi ile ilikuwa haijapona. Kuilima sasa, katika jua hili, ni kuupa upepo kile Petro alichokuwa akikitunza. Kutoilima ni kuipoteza yote.

Kulipokucha akachukua jembe. Njiani aliwaona majirani nao wamo kwenye mashamba yao yaliyopumzishwa, wanafyeka na kuchoma, kimya, kama watu wanaochimba kaburi. Jembe la kwanza likatimua vumbi jekundu, likaondoka na upepo.

"Petro, unisamehe," alisema. "Nimeliamsha mapema."

Akapumua, akainama tena, maana kigingi kilikuwa bado mbali.